Sampuli ya Kabatini

"Hivi jirani, huyo binti wako anafua nguo au anaua nyoka?"

Rozalia aliuliza swali hilo Jumatatu asubuhi, akiwa upande wake wa ua wa minyaa, beseni la nguo kiunoni. Mama Edina alikuwa kibarazani anachambua dagaa wa Katonga. Aliinua macho, vidole vikaendelea na dagaa.

"Nyoka gani?"

"Mimi najua? Namwona kutoka hapa, kupitia ule mlango wenu wa chini. Amesimama mbali na mashine, ana mwiko mkononi. Anaigusa kwa mwiko, anaruka nyuma. Anaigusa, anaruka. Nikasema labda huko kwenu ndivyo mnavyofua."

Huko kwao Mama Edina kulikuwa Mbinga, na hakupenda kukumbushwa na Rozalia, mjane wa Kiha aliyefua kwa mikono na kuanika nguo juu ya minyaa. Aliweka ungo chini, akavaa ndala zake nene za mpira, akashuka.

Nyumba yao ilijengwa kwenye mteremko wa Bangwe. Kwa mbele ilikuwa nyumba kama nyingine. Kwa nyuma, upande wa ziwa, ilikuwa na chumba kimoja chini, nusu yake kimechimbwa ndani ya kilima, ukuta ukitoka jasho masika na kiangazi. Bwana Urbanus, mume wake, alikiita besimenti. Mama Edina alikiita chini. Inamahoro, aliyefua humo siku nne kwa juma, hakuwa amekipa jina lolote.

Alimkuta amesimama miguu mitupu juu ya sakafu nyekundu iliyolowa, mwiko wa ugali mkononi.

"Huo si mwiko wangu?"

"Ni wako, mama. Nitauosha."

"Unafanya nini nao?"

Inamahoro alitazama mashine kama mtu anayesema habari za mkubwa wake naye mkubwa yupo. "Irankubita, mama. Inanipiga. Nikigusa mlango, inanipiga mpaka hapa." Akashika kiwiko. "Nikifungua kwa mti, hainipigi."

Mama Edina alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo kwa muda wa kusema Baba Yetu nusu.

"Mbona mimi hainipigi?"

Inamahoro aliushika mwiko kwa mikono miwili.

"Nakuuliza. Mashine inajua nani mkimbizi?"

"Sijui, mama."

"Basi lete mwiko."

Mashine hiyo ilikuwa ya mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyemaliza mkataba. Mwaka ule wa tisini na saba mji ulikuwa umejaa vitu vya namna hiyo. Mashirika yalikuja kwa ajili ya wakimbizi, na kila mzungu aliyeondoka aliacha kitanda, pasi, mbwa, au jiko la kuokea. Bwana Urbanus alipata mashine ya kufulia. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili nene za mviringo, na soketi ya chini ilikuwa ya matundu matatu. Bwana Urbanus alichomeka njiti ya kibiriti kwenye tundu la juu, soketi ikafunguka, plagi ikaingia. Njiti ilibaki humo mpaka siku hiyo, kichwa chake chekundu kikichungulia.

Na hili lazima lisemwe sasa: kazi ya Bwana Urbanus ilikuwa kukagua majengo. Shirika likitaka kupanga nyumba mjini, lilimwita yeye. Alikuja na kalamu mbili na karatasi yenye masharti kumi na mawili, na nyumba nyingi zilianguka kwenye sharti la tano. Alikuwa maarufu kwa sharti hilo. Wenye nyumba wa Rusimbi na Ujiji walikuwa wakimwita Namba Tano akishapita.

---

Inamahoro alikuwa amekuja mjini kwa sababu ya mguu wa mama yake. Mama yake alianguka kwenye kambi ya wakimbizi na kuvunjika paja, akaletwa hospitali, akalazwa mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumletea uji na kumgeuza. Inamahoro alipewa karatasi ya ruhusa ya kukaa nje ya kambi, na karatasi hiyo ilitaka mwenyeji, mtu wa mji mwenye jina na sahihi. Mwenyeji wake alikuwa Bwana Urbanus. Karatasi ilikuwa inakwisha Jumamosi. Mguu wa mama yake ulikuwa bado majuma matano.

Kwa hiyo mwiko uliporudi jikoni, Inamahoro hakubisha. Alitafuta kitu kingine, akapata ndala zake mwenyewe mlangoni, akazivaa, akaigusa mashine. Haikumpiga. Akaigusa tena. Akatabasamu peke yake.

Mama Edina aliona alama za ndala saa saba.

"Inamahoro, hii sakafu nani ameipaka rangi?"

"Wewe, mama."

"Na anayeing'arisha kwa nta kila Jumamosi?"

"Mimi, mama."

"Sasa unajikanyagia kazi yako mwenyewe. Viatu vya nje mwisho mlangoni. Hata paroko akija anavua."

"Hata wewe una ndala, mama."

Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama mtu anayeonyesha kitu kilichodondoka. Mama Edina alitazama miguu yake mwenyewe.

"Hizi ni za ndani," akasema.

---

Jioni Bwana Urbanus alipewa habari hizo pamoja na ugali na migebuka. Alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Umeme hauchagui mtu, Mama Edina. Kama ni shoti, ingekupiga na wewe. Hawa watu wamesikia mabomu. Mlango ukigongwa tu wanaruka."

"Basi tumwite fundi aangalie."

"Fundi aje nyumbani kwangu? Watu waseme Urbanus ameita fundi wa umeme? Mimi ndiye ninayewafelisha hao mafundi."

Alinyanyuka, akafungua kabati la vyombo pale sebuleni. Katikati ya vikombe vya harusi na sanamu ya Bikira Maria, juu ya kitambaa cheupe cha kusukwa, kilikaa kisanduku cha karatasi ngumu chenye dirisha la nailoni. Ndani yake kulikuwa na swichi nyeupe yenye kitufe cha bluu. Shirika moja lilikuwa limempa, mwaka mmoja sasa, ili awaonyeshe wenye nyumba kitu gani hasa kinatakiwa.

"Unaona hii? Umeme ukivuja hata kidogo, inajikata yenyewe kabla hujasema aa. Hapa Kigoma ipo moja tu, na iko kwangu."

"Naiona kila siku. Naifuta vumbi."

"Basi," alisema Bwana Urbanus, akaifunga kabatini na kurudi kwenye samaki.

---

Jumatano Rozalia alipokuja kuomba moto, alishauri jumuiya ya sala iiombee mashine. Jumuiya ya Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba hiyo hiyo, na Mama Edina alikuwa amekwisha kuwaza hivyo hivyo, ila alitaka lisemwe na mwingine.

Walikuja kumi na moja. Viatu vilipangwa mlangoni jozi kwa jozi. Walisali rozari, wakasoma somo, wakatoa sadaka. Mwenyekiti, Mzee Gervasi, mtu mwema aliyestaafu kazi ya reli, aliambiwa kuna chombo chini kinachosumbua watu. Alikuwa na chupa ya maji ya baraka. Alishuka mbele, soksi zake za kijivu miguuni, wengine wakimfuata kwa wimbo.

Inamahoro alikuwa huko chini anakunja mashuka. Alipoona chupa, alitazama sakafu, akatazama soksi za mzee.

"Mzee, samahani. Tafadhali vaa viatu."

"Mahali pa sala, binti yangu, viatu huvuliwa. Soma Kutoka."

Alinyunyiza mlango. Alinyunyiza ukuta, ambao haukuhitaji maji. Alinyunyiza mashine mara tatu, juu, mbele, na nyuma palipo na waya. Kisha, kwa jina la Baba na la Mwana, akaweka mkono wake wa kuume juu ya mashine.

La Roho Mtakatifu halikutoka. Mzee Gervasi alikwenda nyuma hatua nne kwa haraka ambayo reli haikuwahi kumwona nayo, akakaa juu ya mashuka. Chupa ilizunguka sakafuni. Wimbo ulikatika kwa sauti ya pili, sauti ya kwanza ikaendelea kidogo kwa mazoea.

"Lipo," alisema mzee alipopata pumzi. "Nimelisikia kwenye kiwiko."

Ngazi ilikuwa nyembamba na jumuiya ilikuwa watu kumi na moja. Waliofika juu kwanza walivaa viatu vilivyokuwa karibu, na kesho yake asubuhi Rozalia alizunguka mtaa mzima na kiatu kimoja cha kiume akitafuta mwenzake.

Chini walibaki wawili. Inamahoro alimletea mzee maji ya kunywa.

"Ulijua," Mzee Gervasi alisema.

"Ego, ndiyo, mzee. Kiwiko ndipo inapopenda."

Mzee alikunywa maji yote. "Hili si la padri," akasema polepole. "Mimi nimekaa na injini miaka thelathini. Mwambie mama aite fundi." Akapanda ngazi akishika ukuta, akaona unyevu, akaacha kuushika.

---

Fundi Nassib alikuja kutoka Ujiji Ijumaa asubuhi, Bwana Urbanus akiwa kazini. Mama Edina alimpitisha kwa nyuma, kwa mlango wa chini, mtaa usione. Rozalia aliona, akasalimia.

Nassib hakugusa mashine. Alisimama mlangoni na kofia yake ya kufuma, akatazama soketi, akatazama njiti ya kibiriti, akatazama sakafu na miguu mitupu ya Inamahoro.

"Nani ameweka njiti?"

"Imekutwa hapo," alisema Mama Edina.

"Na nani anaingia humu na viatu?"

"Hakuna. Mimi tu, hizi za ndani."

"Na nani hapigwi shoti?"

Mama Edina alirudisha mguu nyuma. Nassib alitoa tesa mfukoni, ile bisibisi yenye taa ndogo, akaigusisha kwenye bati la mashine huku kidole chake kikiwa nyuma. Taa ikawaka nyekundu.

"Mama, umeme umevuja ndani, umekaa kwenye mwili wa mashine. Ungekuwepo waya wa ardhi ungeondoka nao, lakini plagi hii haina pa kuushika. Basi unangoja mtu. Wewe una mpira miguuni, unakuruka. Huyu binti anakanyaga saruji, tena ina maji. Ni sawa na kuichomeka plagi kwenye kidole chake. Kinachomwacha hai ni rehema ya Mungu na huu mgao wa umeme."

"Sasa?"

"Sasa chomoa. Nitachimbia fimbo ya ardhi hapo nje, nibadilishe soketi. Na ungepata ile swichi inayojikata yenyewe, ningelala usingizi. Lakini hiyo mjini haipo. Nasikia mkaguzi mmoja anayo."

Mama Edina alimwangalia aone kama anamdhihaki. Nassib alikuwa anafuta tesa kwa shati. "Nitazungumza na Baba Edina," alisema Mama Edina.

"Zungumza naye. Lakini leo hii mpe ndala tu. Ndala ni bei ya mafungu mawili ya dagaa. Hata bure anazo, naziona hapo mlangoni."

Alipoondoka, na Inamahoro akaenda kuchota maji, Mama Edina alibaki peke yake chini, plagi bado haijachomolewa. Alikuwa mtu aliyesali kila asubuhi, na hakupenda kumshuku mtu bila haki, hata fundi. Alivua ndala ya kushoto. Akavua ya kulia. Ubaridi wa saruji ulimpanda mpaka magotini. Alinyoosha kidole kimoja, kile kidogo, akaigusa mashine.

Inamahoro alipoingia na ndoo alimkuta amekaa juu ya ngazi, mkono kwapani, kilemba kimehama upande.

Wakatazamana.

"Kiwiko?" aliuliza Inamahoro.

"Nenda kampelekee mama yako uji," alisema Mama Edina.

---

Jumamosi ilikuwa siku ya karatasi. Ilikuwa pia siku moja kabla ya mgeni, kwa kuwa mkubwa wa Bwana Urbanus kutoka Dar es Salaam angekula chakula cha mchana pale Jumapili, na vitambaa sita vya meza vyeupe vilikuwa ndani ya kapu vinangoja kufuliwa.

Mama Edina alikuwa amezungumza na mumewe usiku. Alimweleza ya Nassib. Ya kidole chake hakuyasema. Bwana Urbanus alisikia zaidi habari ya fundi kuliko habari ya umeme. Kuhusu swichi alisema ni sampuli, ina namba, ni mali ya ofisi, na sampuli ikitumika si sampuli tena. Kuhusu kumpa mfanyakazi ndala, alisema ni kukiri kosa. Leo ndala, kesho atasema mlijua.

Asubuhi alimwita Inamahoro sebuleni. Juu ya meza aliweka karatasi mbili. Moja ilikuwa ile ya ruhusa, imekunjika kwa kubebwa, na nafasi ya sahihi ya mwenyeji ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa mpya, imepigwa taipu. Kidau cha wino wa dole gumba kilikuwa wazi. Mama Edina alisimama karibu na kabati.

"Karibu. Hii ya kwanza nakuwekea sahihi sasa hivi, mama yako apate uji, hakuna neno. Lakini kwanza hii. Inasema mimi, fulani, nimefundishwa usalama wa umeme katika sehemu ya kufulia, nimeelewa, na likitokea lolote ni kwa uzembe wangu. Weka dole hapa."

"Nafundishwa lini, baba?"

"Sasa. Ndiyo ninakufundisha." Akakohoa. "Umeme ni hatari. Usiguse kwa mikono yenye maji. Umeelewa?"

"Ninafua, baba. Mikono ina maji."

"Basi ifute."

"Na miguu?"

"Miguu nayo ifute."

Inamahoro alitazama karatasi ya taipu kwa muda. Bwana Urbanus alidhani anatazama mistari tu, akamsogezea wino.

"Baba, karatasi hii nikishaiwekea dole, nisimame juu yake?"

"Usimame vipi?"

"Wakati wa kufua. Fundi amesema nisimame juu ya kitu."

Kutoka upande wa kabati ilisikika sauti ndogo, na ilikuwa ya Mama Edina, naye akaigeuza kuwa kikohozi. Bwana Urbanus hakucheka.

"Usinifanyie mchezo. Wako wengi kambini wanaotaka nafasi hii."

"Namba tano," alisema Inamahoro.

"Nini?"

"Chini kule, kopo la sabuni limekaa juu ya karatasi yako ya masharti. Nimeisoma siku nyingi. Soketi zote za sehemu ya kufulia na za chumba kilicho chini ya ardhi sharti ziwe na waya wa ardhi, na swichi inayojikata yenyewe. Asiruhusiwe mtu mwenye miguu mitupu kugusa mashine." Aliisema kwa lafudhi ya kwao, bila kuharakisha, kama katekisimu. "Imeandikwa Urbanus hapo chini. Na muhuri."

Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba anajua kusoma. Hapakuwa na mtu aliyemwuliza.

"Hayo ni masharti ya nyumba za mashirika," alisema Bwana Urbanus hatimaye. "Hapa ni nyumbani kwa watu."

"Baba Edina," alisema Mama Edina, akiongea na vikombe vya harusi. "Kaiwashe wewe. Vua viatu na soksi, ushuke, uguse mara moja tu. Ikikuacha, binti ataweka dole."

"Mimi?"

"Umeme si hauchagui?"

Bwana Urbanus aliitazama miguu yake. Alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi vyenye soli ya mpira, ambavyo yeye peke yake hakuvivua akiingia, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutoka na kuingia.

"Nina mafua," akasema. "Sakafu ya chini ina baridi."

Mama Edina alifungua mdomo. Alikuwa na neno la kusema kuhusu kidole chake kidogo, ambacho tangu jana kilikuwa bado kinamchonyota. Alikiangalia kile kisanduku kabatini, akamwangalia mume wake, akavikumbuka vitambaa sita na mgeni wa kesho. Akafunga mdomo.

Nje, ng'ambo ya minyaa, Rozalia alikuwa anafua kwa kishindo cha maji, na sauti yake ilifika mpaka ndani ya dirisha ingawa alikuwa akisema na kuku: balozi wa nyumba kumi amesema mwenyeji ni mtu yeyote mwenye nyumba, hata mjane, na yeye ana mabeseni mawili na mkono mmoja unamwuma.

Inamahoro aligeuka, akaenda mpaka mlangoni. Alichukua ndala zake kutoka kwenye mstari wa viatu, akazivaa, akajifunga kanga vizuri. Bwana Urbanus alirudi nyuma kwenye kiti, akashusha pumzi, akidhani amekwenda.

Hakuwa amekwenda. Alirudi ndani na ndala zake za nje, zenye udongo wa njia ya hospitali, akakanyaga sakafu ya sebule, nyekundu kama ya chini, aliyoing'arisha mwenyewe, hatua kwa hatua, akapita mbele ya kabati mpaka mezani. Alivuta karatasi yake ya ruhusa kutoka chini ya kiwiko cha Bwana Urbanus, ikiwa bado haina sahihi, akaikunja mara nne mahali palepale ilipozoea kukunjwa.

"Inamahoro," alisema Mama Edina. "Unakwenda wapi?"

Inamahoro alitia karatasi kifuani, akatoka kwa upande wa minyaa.